Simu Iliyotaka Kidole cha Bi Vifungo

Profesa alimwona mama mmoja akiingia duka la simu, akatoka mikono mitupu, akaingia la jirani, akatoka, kisha akarudi lile la kwanza kuuliza alichosahau kuuliza. Alipotoka tena amekunja uso, Profesa akajua riziki yake ya leo imeshafika mtaani, inatafuta tu pa kukaa.

Kwa wasiomjua, Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote isipokuwa kutoamini watu. Jina alipewa kwa ajili ya miwani, ambayo vioo vyake vilikuwa vya kawaida kabisa, na kwa ile tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, hata akiulizwa ni saa ngapi. Siku hiyo alikuwa amekodi pembe ya chumba cha kutoa nakala, katikati ya maduka ya simu. Alikuwa na meza yenye kitambaa kirefu, viti viwili, na kibao kilichoandikwa USHAURI WA SIMU BURE. Wengi walianza kusoma kibao hicho kutoka neno la mwisho.

Mtaji wake ulikuwa simu moja tu, ya kweli, mpya, ya bei mbaya. Chini ya meza kulikuwa na maganda. Ganda ni ile simu ya plastiki ambayo maduka huiweka kwenye kabati la vioo ili watu waone umbo. Lina uzito wa simu na sura ya simu, na kwenye kioo limebandikwa picha ya simu iliyowaka. Mteja hupewa ile ya kweli, akaipangusa, akaipenda, akalipa. Halafu Profesa huinama chini ya meza kutafuta nailoni ya kufungia boksi, na anapoinuka, boksi ni lilelile kwa sura ila tumboni mna ganda. Mteja huagwa kwa sharti moja la kitaalamu: asifungue mpaka kesho, kwa sababu betri mpya lazima ipumzike. Kesho Profesa huwa ameshahamia pembe nyingine, mtaa mwingine, akiwapumzisha wengine.

Basi akajitokeza mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona wamekuchosha. Wale wanauza, mama. Mimi, Profesa, sina duka, nashauri tu. Karibu ukae."

Mama akasoma kibao, akalirudia neno la mwisho kwa midomo, akakaa. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na mtaani kwao walimwita Bi Vifungo kwa sababu kifungo alichokishona yeye hakijawahi kudondoka. Profesa akamuuliza simu anaitakia nini, swali ambalo huko madukani hakuna aliyemuuliza. Hapo mama akafunguka.

Alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa nchi ya mbali, mjamzito wa kujifungua siku yoyote kuanzia sasa. Yeye mwenyewe simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kusikia sauti basi. Simu ya kupangusa nyumbani kwake alikuwa nayo mtu mmoja, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, wifi wa damu na nyama, si ule wa hewani. Wifi huyo alikuwa na moyo mzuri na mkono usiotulia. Alifungua sufuria za watu, mikoba ya watu na barua za watu. Binti alipopiga simu ya picha kutangaza mimba, wifi ndiye aliyepokea. Alilia yeye wa kwanza, akashukuru yeye, akatoka nje kuutangazia mtaa, na simu ikamfikia Bi Vifungo wakati bando linakata roho.

"Habari ya mjukuu wangu," alisema Bi Vifungo, "niliipata baada ya muuza mkaa."

Profesa alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Safari hii nataka nimwone mimi wa kwanza. Na kama ni kulia, nilie peke yangu, bila mtu kunishikia simu."

Profesa aliguswa, kwa kadiri alivyoweza kuguswa, yaani kidogo na bila gharama. Akaitoa ile simu ya kweli kwenye boksi lake, akaifuta kwa kitambaa laini, akaiweka mbele ya mama kwa mikono miwili. Kisha akaanza kumwaga sera. Kamera yake ina macho manne. Bi Vifungo akauliza kama mjukuu atamwona kwa macho hayo manne au kwa yake mawili. Profesa akahamia kwenye maji: hata ikizama ndani ya ndoo, haifi. Bi Vifungo akasema hana mpango wa kufua nayo. Ina nafasi ya picha maelfu kwa maelfu. Za nani, akauliza mama, wakati mtoto mwenyewe ni mmoja na hajazaliwa? Ina kasi ya ajabu kwa wale wanaocheza michezo. Hilo mama hakulijibu hata kidogo, alimwangalia tu mpaka Profesa akalipita mwenyewe.

Alichotaka kujua yeye kilikuwa kingine. Je, inakaa na chaji umeme ukikatika? Italia kwa sauti ya kusikika kwenye chumba chenye cherehani nne zinazokwenda? Maandishi yake yanakuzwa? Profesa akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na ajabu ni kwamba yote yalikuwa kweli. Kusema kweli mfululizo namna ile kulimtia kizunguzungu.

"Na inafungika?" akauliza Bi Vifungo, akishusha sauti. "Namaanisha isifunguliwe na mtu mwingine."

Hapa Profesa aling'aa. Akaeleza kufuli la siri na alama ya kidole kwa ufasaha mkubwa, akasema simu hii ikishamjua mwenyewe, hata rais wa nchi akiibembeleza haifunguki. Kwa kawaida majaribio hayo aliyafanya kwa kidole chake mwenyewe na namba yake mwenyewe, halafu jioni akafuta kila kitu. Akanyoosha kidole.

"Kidole chako cha nini kwenye simu yangu?" akauliza mama.

Swali lilikuwa la haki. Profesa akanyamaza kidogo kama ilivyo desturi yake, akaona kwamba mama huyu yuko karibu sana kutoa pesa, na kwamba si wakati wa kubishania kidole. Akamwelekeza namna ya kuweka namba ya siri, kisha akajigeuza kabisa akatazama ukuta, mikono nyuma, ili mama aone uaminifu wake wote kwa upande wa mgongo. Kule ukutani alitabasamu. Namba hiyo angeishughulikia baadaye.

Kidole kilileta kazi. Vidole vya Bi Vifungo vilikuwa vimechomwa na sindano miaka mingi mpaka mistari yake ikafutika, na simu ikavikataa kimoja baada ya kingine. Kilichokubaliwa mwishowe kilikuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho maishani hakijafanya kazi yoyote. Mama akacheka kwa furaha kuona mvivu yule naye kapata cheo.

Akataka ajaribu kamera. Akajipiga picha, uso mkavu, jicho kali, kama anamwona wifi yake akifunua sufuria. Akaagiza picha hiyo iwekwe mlangoni mwa simu, pale pa mbele, ili yeyote atakayeishika bila ruhusa amkute yeye anamtazama. Profesa akaiweka. Kisha mama akatoa laini kwenye simu yake ya vitufe na kusema hanunui kabla hajampigia binti. Laini ikapunguzwa kwa mkasi ili iingie, namba ya binti ikahifadhiwa, programu ya simu za picha ikafunguliwa, bando likanunuliwa. Iliita mpaka ikakata. Binti huenda amelala, au yuko kliniki. Haidhuru, alisema Profesa, akiona umempigia, atakupigia ukiwa nyumbani.

Bei aliyotaja ilikuwa ya simu ya kawaida kabisa. Kwa ajili ya mjukuu, alisema. Na Bi Vifungo naye, tusimsafishe sana, alikuwa ameshazunguka maduka na anajua simu ile inauzwaje. Alidhani kijana huyu kachanganya bei, akanyamaza kimya, akatoa pesa haraka kutoka kwenye kopo la vifungo kabla kijana hajazinduka. Kwa muda mfupi walikaa pale wakitazamana kwa upendo, kila mmoja akiamini amempiga mwenzake.

Profesa akainama kutafuta nailoni. Chini ya meza alikumbuka laini, lakini kuitoa kulihitaji pini na muda, na laini si mali. Akainuka na boksi.

"Usiifungue mpaka kesho, mama. Iache ipumzike."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Alipomaliza soda yake mtaa wa pili ndipo Profesa alipoitoa simu mfukoni ili aifute tayari kwa mteja mwingine. Kioo kikawaka, na Bi Vifungo akamtazama. Jicho lilikuwa lilelile. Chini ya kidevu chake palikuwa na maneno: weka kidole. Profesa akaweka chake, kwa mazoea, simu ikatetemeka kwa kukataa. Akajaribu namba ambazo mama wa umri ule angechagua, simu ikakataa, kisha ikamwambia asubiri. Akazungusha, akabonyeza, akaizima na kuiwasha. Kila ilipowaka alikuwepo yule mama.

Akaenda kwa fundi simu. Akaeleza, kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake, kwamba simu ni yake na imejifunga yenyewe.

Fundi aliiangalia picha, akamwangalia Profesa, akairudia picha.

"Huyu ndiye wewe?"

"Ni mama yangu."

"Basi mlete na kidole chake. Au lete risiti. Polisi walishatuonya hapa, kila anayeleta simu ya kufunguliwa husema ni yake."

Hilo lilimuuma Profesa mahali ambapo hakujua ana nyama. Simu ile ilikuwa yake kweli, aliinunua kwa pesa zake, zilizokuwa za watu lakini kwa wakati ule zilikuwa zake. Risiti hajawahi kutunza, kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa anasema ukweli mtupu mbele ya shahidi na anaonekana mwizi. Akajaribu kuapa, na fundi akaisogeza simu kwake kwa ncha ya bisibisi. Akaondoka akiwaza maganda yaliyo ndani ya begi. Ganda bila simu ya kweli ni plastiki, na yeye bila simu ya kweli ni mtu tu mwenye miwani.

Wakati huo, nyumbani kwa Bi Vifungo, lile boksi lilikuwa limewekwa juu ya kabati lipumzike. Mama alikuwa ameamua kutii sharti mpaka kesho, na angetii, kwani ni mtu wa kufuata maelekezo, hata chumvi huipima. Lakini alitoka kidogo kupeleka sare. Aliporudi alimkuta wifi yake kitandani, nailoni imechanwa, boksi limefunguliwa, naye anapangusa simu mpya kwa kidole, tena na tena.

Bi Vifungo alifoka. Alifoka ya leo na ya miaka yote, ya sufuria, ya barua, ya muuza mkaa. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho, kisha akasema taratibu:

"Wifi, nigombeze baadaye. Hii ni sanamu."

Akaingiza ukucha pembeni mwa kioo, na picha ya simu iliyowaka ikabanduka yote, kama lebo ya chupa. Bi Vifungo akakaa. Hakuwaza pesa kwanza. Aliwaza kwamba laini yake, namba pekee ambayo binti anaijua, iko mfukoni mwa yule kijana, na kwamba mtoto atazaliwa, na simu itamlilia mwizi. Akalia hapohapo, na wifi akamshika mkono kwa ule mkono wake usiotulia, ukatulia.

Walikaa hivyo. Halafu wifi akauliza kufuli la simu ile aliliweka nani. Bi Vifungo akafuta machozi, akakiangalia kidole chake cha mwisho, yule mvivu. Wifi akaenda kuleta simu yake.

Simu ililia mfukoni mwa Profesa bado hajafika mbali na kibanda cha fundi, kwa sauti ile aliyoisifia mwenyewe. Watu wakageuka. Akaitoa, na kwa kuwa simu iliyofungwa hukubali kupokelewa hata na mgeni, akapokea ili inyamaze.

"Profesa, mwanangu, hujambo?" Sauti ilikuwa tamu mno. "Naona wakati wa kufunga tulichanganya maboksi. Hii ya kwangu imelala sana."

Profesa akanyamaza kidogo, safari hii bila kupenda. Kisha akasema lo, kumbe, kosa kubwa, hata yeye alikuwa anamtafuta.

"Najua. Sasa njoo nayo hapa tunaposhonea. Wenzangu wameshaona boksi, wote wanataka simu, na mimi nimewaambia yupo mtaalamu anayeshauri bure. Wana pesa zao mkononi."

Mtu mwingine angeiacha simu kwenye ukuta wa jirani na kukimbia. Profesa alifikiri juu ya wale wote wenye pesa mkononi, roho ikamsisimka. Mpango ukajipanga wenyewe: mama anaifungua kwa kidole, yeye anaomba kurekebisha kitu kidogo, anainama, ganda linainuka, wenzake nao wanapumzishiwa betri kwa mpigo mmoja. Akanyoosha miwani, akaulizia njia.

Chumba kilikuwa kimejaa nguo za bluu na nyeupe. Cherehani nne, mafundi wanne, mikasi iliyoning'inia shingoni kwa utepe, na wifi mmoja aliyekuwa ameweka kiti chake katikati ya mlango na kukaa. Profesa alipewa kigoda kifupi katikati ya chumba, kifupi kiasi kwamba hapakuwa na pa kuinamia zaidi. Meza haikuwepo. Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi yake, akaanza kueleza macho manne na ndoo ya maji, na mafundi wakamsikiliza kwa heshima, sindano midomoni. Mmoja akauliza kama kuna simu isiyopokea simu za mume. Mwingine alitaka tu ionekane ya gharama hata ikiwa imezimwa, kwa sababu muda mwingi itakuwa imezimwa. Profesa alimtazama huyo kwa huzuni ya mtu aliyeona mteja bora wa maisha yake akiwa amechelewa.

Kwa sababu simu ilianza kulia. Juu ya uso mkali wa Bi Vifungo likatokea jina la binti.

Cherehani zote zilinyamaza. Bi Vifungo alinyoosha mkono. Profesa aliangalia mlango, akamwona wifi, akaangalia mikasi, akautoa mtaji wake wote na kuuweka kwenye kiganja cha mama. Kidole cha mwisho kikagusa. Simu ikafunguka bila kusita, kama haikuwahi kumjua mwanamume yule.

Binti alikuwa kitandani, nywele zimetimka, anacheka huku anatetemeka. Akashusha simu kidogo, na pale kifuani kulikuwa na kichwa kidogo chekundu, kimekunja uso kwa hasira.

"Ni wa kike, mama. Amekunja uso kama wewe."

Bi Vifungo akaisogeza simu karibu na uso. Akalia. Aliwageuzia mgongo wote akaenda dirishani, na alilia kama alivyotaka, bila mtu kumshikia simu, akimwita mtoto kwa majina ambayo bado hajapewa. Hakuna aliyemfuata. Pale mlangoni wifi alikuwa amesimama na mikono mdomoni, shingo imenyooka, miguu inataka kwenda na haiendi. Alikuwa anasubiri kuitwa. Katika miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kusubiri kitu.

Bi Vifungo aligeuka akamwona.

"Njoo, wifi, umwone. Umekuwa shangazi wa mama yake mtu."

Wakasimama wawili dirishani, wakalia kwa zamu, wakabishana pua ni ya nani. Simu ilipokatika, Bi Vifungo alijipangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha sare, akamgeukia Profesa, ambaye bado alikuwa kwenye kigoda na hakuna aliyemkumbuka.

"Profesa, nina swali moja la ushauri. Hii simu inakubali kidole cha mtu wa pili?"

Profesa akanyamaza kidogo.

"Inakubali."

"Basi nielekeze. Usiishike, nielekeze kwa mdomo tu."

Akaelekeza. Bonyeza hapa, mama, sasa hapo, sasa weka kidole, nyanyua, weka tena. Wifi aliweka kidole chake gumba kile kilichofungua kila kitu cha watu, na kwa mara ya kwanza kikaombwa. Simu ikakubali papo hapo. Kisha ile picha ya jicho kali ikaondolewa mlangoni, akawekwa mtoto.

Bi Vifungo alichukua boksi kutoka chini ya cherehani yake, ganda limo ndani, ile picha ya simu iliyowaka imebandikwa upya kwa gundi ya nguo, nailoni imeshonwa pembeni kwa uzi mweupe. Akampa Profesa kwa mikono miwili.

"Na hii yako, mwanangu. Usiifungue mpaka kesho. Iache ipumzike."

Wifi akasogeza kiti, mlango ukawa wazi. Profesa akatoka, na nyuma yake cherehani zikaanza kwenda tena, zote nne.

Profesa alitembea mpaka mtaa wa maduka ya simu, boksi kwapani, akitafuta wa kumlalamikia. Hakumpata, kwa sababu kila alipoipanga kesi kichwani ilitoka vilevile: kuna mama alichagua simu, akalipa bei aliyotajiwa, akapewa simu aliyoichagua. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumuuzia mtu kitu halali, na aliumia kama mtu aliyeibiwa.